Kilio Kimoja, Baba Wawili

Tak Pillye wa mtaa wa Mapo alikufa mara kumi na moja kabla sinema hazijaanza kusema. Alikufa kwa kifua kikuu mara nne, akazama mtoni mara tatu, akapigwa na mama mkwe mpaka akakata roho mara mbili, na mara mbili zilizobaki alikufa kwa sababu mtengenezaji wa picha hakujua aimalize vipi hadithi. Katika sinema bubu za mji wetu wa Gyeongseong, mwanamke mwembamba mwenye macho makubwa hakuwa na kazi nyingine. Asubuhi alikufa, mchana akanywa supu ya mifupa pamoja na waliomuua, jioni akarudi kwa baba yake akiwa bado na tope la mto kwenye nywele.

Baba yake, Mzee Tak Manho, alikuwa fundi wa kofia nyeusi za singa za farasi, zile ambazo wanaume wenye heshima zao walizivaa juu ya fundo la nywele. Siku hizo wanaume walikuwa wanakata nywele kwa fujo, na asiye na fundo hahitaji kofia, kwa hiyo mzee alikuwa na nafasi kubwa ya kushughulikia mambo ya wenzake. Alichojua kuliko mtu yeyote Mapo ni taratibu za msiba. Alijua nani asimame wapi, nani ajifunge kamba ya katani kiunoni, na nani alie vipi. Ukifiwa ulimwita yeye kabla ya kumwita fundi jeneza, na usipomwita alikuja mwenyewe.

Hapo kwenye kulia ndipo penye kisa. Kwetu watu hawalii ovyo. Mtoto akifiwa na mzazi hulia "aigo, aigo." Wapwa, majirani, marafiki na watumishi hulia "eoi, eoi." Mpita njia aliye nje ya ukuta husikia tu, akajua humo ndani nani kafiwa na nani. Ukilia aigo kwa mtu asiyekuzaa umejifanya mwanawe mbele ya mbingu na mbele ya majirani, na majirani ndio wenye kumbukumbu nzuri zaidi.

Pillye aliolewa akiwa na miaka kumi na saba na fundi wa reli aliyekwenda Manchuria na kusahau njia ya kurudi. Akarejea kwa baba. Siku alipomwambia mzee kwamba amepata kazi ya kuigiza, mtaa mzima ulikaa tayari kusikia ngurumo, lakini mzee aliuliza jambo moja tu: picha hizo zinasema? Pillye akajibu hazisemi.

"Basi ni vivuli," mzee akasema. "Kivuli hakimfungi mtu. Nenda, ila usipoteze viatu."

Wakaishi hivyo miaka sita, kwa raha kabisa. Kila jioni Pillye akivua viatu mlangoni, mzee alimuuliza bila kuinua macho kwenye sindano, "Leo umekufa?" Naye akijibu, "Nimekufa, baba." Mzee akitaka kujua kichwa kilielekea upande gani. Pillye akimwambia kilielekea kwenye kamera, kwa sababu ya mwanga. "Makosa," mzee akisema, na kumsogezea bakuli la wali.

Halafu sauti ikaja. Bwana mmoja aitwaye Ham Ilgyu, aliyekuwa ameona picha zinazosema huko Osaka na akarudi na shingo imekakamaa kwa majivuno, alikodi banda lililokuwa la kufugia viwavi wa hariri akaliita studio. Kuta zilifunikwa mablanketi ya pamba. Kamera nayo ilifunikwa mablanketi, kwa kuwa ilinguruma, na mpiga picha akafunikwa humo humo pamoja nayo, akawa anatolewa kila baada ya dakika tano kupepewa. Kinasa sauti kilifichwa ndani ya mtungi wa kuchachushia mboga za kimchi. Waigizaji waliambiwa wakitaka kumwambia mtu jambo, wauambie mtungi. Kuna sehemu moja ambapo kijana anamposa msichana akiwa amempa mgongo, anaubembeleza mtungi kwa maneno matamu, na watu walipoitazama walidhani ni mlevi.

Bwana wa yote hayo alikuwa Ku Bonsik, fundi redio, aliyekaa ndani ya kibanda na bendera nyekundu. Akisikia sauti asiyoitaka aliinua bendera, na kazi ikasimama. Sasa mtu anayeijua Gyeongseong ya miaka ile ataniuliza kazi ilikwendaje hata kidogo. Maana mji mzima ulikuwa unapiga nguo. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, na kila jiwe lilikuwa na wanawake wawili wakinyoosha nguo kwa vijiti, tak-tak-tak, tangu alfajiri mpaka usiku. Bwana Ham alituma watu kuwaomba akina mama wa mtaa ule wanyamaze. Akina mama wakajibu kwamba wataacha kupiga nguo siku Bwana Ham atakapokubali kutembea na suruali yenye makunyanzi. Wakaelewana kwamba saa tatu mpaka saa tano asubuhi watanyamaza, basi.

Picha iliitwa Mtumishi wa Bwana Heo. Pillye alikuwa mtumishi, yatima aliyelelewa humo, na Bwana Heo, tajiri wa mpunga, alikuwa Chon Duksu, mzee wa miaka sitini na mmoja aliyezunguka na vikundi vya maigizo maisha yake yote, hana mke, hana mtoto, hana hata mpwa. Ilikuwa siku ya Bwana Heo kufa. Duksu akalazwa. Pillye akapiga magoti, akaulilia mtungi, "Eoi, eoi," kama inavyompasa mtumishi.

Bendera ikapanda. Ku Bonsik akatoka kibandani akisema kwamba ile eoi ndani ya mashine inatoka kama ng'ombe aliyevimbiwa. Wakarudia mara nne, na mara nne ng'ombe akavimbiwa. Bwana Ham akamwambia Pillye alie aigo. Pillye akasema haiwezekani, huyu si baba yake.

"Ni mashine hii, dada," Bwana Ham akasema. "Si kaburi la mababu."

Maseremala wa studio wakaacha nyundo wakaingilia. Wapo waliosema tajiri aliyemlea yatima ni kama baba. Wapo waliosema kama baba si baba, ndiyo maana pana neno kama. Mpiga picha naye alikuwa na maoni, lakini alikuwa ndani ya mablanketi na hakusikika. Saa tano ilikuwa inakaribia. Mwishowe maiti akafumbua jicho moja. "Mwanangu," Duksu akasema, "lia upendavyo, ila lia sasa. Inzi wananimaliza."

Pillye akakubali, lakini aigo haikutoka. Macho yalikuwa makavu. Mtu aliyelala mbele yake alikuwa amekula kitunguu saumu asubuhi na alikuwa anajikuna paja. Pillye akafumba macho, akamwacha Duksu na kitunguu chake, akawaza mtu mwingine. Ndipo ikamtoka. Ilitoka na maneno yake, mengi, yasiyoandikwa popote, na alipofumbua macho maseremala walikuwa wameketi chini wanalia, na Ku Bonsik ameikumbatia bendera. Waliporudi kwenye akili zao, akina mama wa mtaani walikuwa wamechelewa kuanza kupiga nguo kwa nusu saa nzima. Pillye mwenyewe hakukumbuka alisema nini. Baadaye Ku Bonsik alimchezea sehemu ya kwanza ya picha, akajisikia anazungumza kama mbuzi, akaapa hataitazama maisha yake.

Picha ilipofunguliwa, watu walijipanga kutoka mlangoni mpaka kwenye reli za tramu. Siku ya tatu wakaenda watu wa Mapo. Siku ya nne asubuhi, jirani yao Mama Oksam, mjane mwenye huruma nyingi na shughuli chache, aliingia uani akamkuta Mzee Tak anatia vanishi kofia. Akasimama. Rangi ikamtoka.

"Mzee," akasema, "umefariki lini?"

Ikabidi aeleze. Kwamba Pillye analia ndani ya picha. Kwamba sasa picha zinasikika. Kwamba amelia aigo, aigo, mbele ya watu mia nane, mara tatu kwa siku, na Jumapili mara nne. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka brashi chini.

Pillye aliporudi alikuta kiwambo cha kukunja kimevutwa chumbani, kile ambacho huwekwa mbele ya maiti, na nyuma ya kiwambo ameketi baba yake. Hoja ya mzee ilipita kwa Mama Oksam, kwa sababu marehemu haongei na watu ovyo, na kwa kweli ilikuwa hoja isiyo na tundu. Ama binti yake kamlilia yeye, na kwa hiyo yeye amekwisha kufa na lazima afuate taratibu. Ama binti yake kamlilia yule mtu wa maigizo, na kwa hiyo yule ndiye baba, na yeye Tak Manho hana binti. Achague.

"Baba, ni kazi tu," Pillye akakiambia kiwambo. Nyuma ya kiwambo pakasikika kikohozi. Mama Oksam akamwambia kwa upole kwamba marehemu amekohoa.

Hakuchagua. Angechaguaje? Akiulizwa nani alimlilia angesema ukweli kwamba alimuwaza baba yake, lakini mtoto anayekiri kumlilia baba aliye hai amemtabiria kifo, na hilo ni baya kuliko yote. Mzee naye akaendelea kufa kwa bidii. Mama Oksam, aliyetaka kila kitu kiende sawa, aliweka langoni mabakuli matatu ya wali ya wajumbe wa ahera wanaokuja kuchukua roho. Asubuhi mabakuli yalikuwa matupu. Mzee alikuwa ameyala yote matatu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anampelekea chakula, na alituma ujumbe kwamba kesho wajumbe wangependa na kimchi ya figili.

Mji nao haukusaidia. Wanaume waliokuwa na kofia zao kwa mzee walikuja kuzichukua, wakaziinamia mara mbili kama inavyofanywa kwa wafu, na kuondoka bila kuuliza kama zimekwisha kushonwa.

Na huku, Chon Duksu alikuwa amezaliwa upya. Alikwenda kutazama kila onyesho. Aliketi mstari wa mbele, na kilio kilipoanza alisimama, akawageukia watazamaji, akawainamia kama mwenye msiba. Kwa kinyozi alimwita Pillye "binti yangu." Siku moja akaja Mapo amevaa koti safi, mkononi ana samaki mkavu na peasi mbili, akakisalimia kiwambo kwa heshima zote na kumwomba Pillye mambo machache. Siku ya mwaka wa kifo chake, yaani siku ilipopigwa picha, angependa aandaliwe meza ya kumbukumbu kama wazee wengine. Atafika mwenyewe. Peasi anazipenda, persimoni hapana, zinamfunga tumbo.

Pillye akatazama huku na huku. Aliye hai amekataa kuishi, na aliyekufa hataki kuondoka. Hakutaka umaarufu na hakutaka picha nyingine. Alitaka kitu kimoja tu, avue viatu mlangoni jioni na mtu amuulize, "Leo umekufa?" Ilikuwa miezi miwili sasa tangu aulizwe, na ilimuuma vibaya, kila jioni, akiwa ameshika viatu mkononi.

Akampeleka Duksu uani, akamsihi aache. Aseme hadharani kwamba kilio kile ni cha Bwana Heo wa kwenye picha, si chake, na yeye si baba wa mtu. Duksu alilinyoosha koti lake safi.

"Mwanangu, mimi nimekufa jukwaani miaka arobaini," akasema. "Wananishangilia, halafu wanakwenda kula. Wewe ndiye wa kwanza kunililia. Niombe koti hili, nitavua. Hilo usiniombe."

Lakini alikuwa mtu mwema, na alikuwa na uhakika wake. Alisema dawa ni rahisi. Mzee aende mwenyewe akasikie. Akisikia ataelewa kwamba kilio ni cha Duksu, hasira zitamwisha, atajua yeye yu hai, na kila mtu atabaki na chake. Aliyasema hayo kwa sauti ya jukwaani ili yapenye kiwambo. Baada ya kitambo Mama Oksam alileta jibu: marehemu anaweza kutoka nje ya nyumba ikiwa amesindikizwa na marehemu mwenzake.

Wakaenda, wafu wawili mbele na Pillye nyuma hatua kumi, amejifunga shela mpaka machoni. Mlangoni mzee alimweleza mkata tiketi kwamba wafu hawalipi, na foleni nzima ikaingia kwenye mjadala mpaka meneja akaona afadhali waingie bure. Ndani, waliokaa nyuma ya mzee walilalamika kwamba kofia inawaziba. Mzee akawaambia kwamba kofia ya singa ikishonwa vizuri mtu huona kupitia, na wasipoona basi walaumu macho yao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ukumbini. Pillye alikaa mstari wa mwisho, karibu na mlango, amekaza vidole.

Bwana Heo akafa. Duksu akasimama, akawageukia watu, akajiweka sawa kuinama. Na juu, kwenye kitambaa, mtumishi akafungua kinywa.

"Aigo, aigo, baba," ikasema ile sauti ya mbuzi. "Vidole vyako vyeusi vya vanishi, nani atavisugua kwa majivu? Aigo, sindano yako umeichomeka ukutani. Tundu lake ulikuwa huoni tena, ukasema hapana, naona, nikakutungia uzi ukijifanya umelala. Aigo, nani sasa atakutungia uzi?"

Pillye aliyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza pamoja na watu wengine. Bwana Heo alikuwa tajiri wa mpunga. Hajawahi kushika sindano toka mwanzo wa picha, na hakuna hata mmoja kati ya watu mia nane aliyekuwa ameliona hilo, kwa sababu walikuwa wanalia. Mzee Tak akainua mikono, akafungua kamba chini ya kidevu, akavua kofia yake mbele za watu, jambo ambalo hata daktari hakuwahi kumfanyisha, akaiweka magotini. Duksu alikuwa bado amesimama. Alikitazama kitambaa, akamtazama mzee, akavitazama vidole vya mzee. Hakuinama. Alikaa chini taratibu, akishika kiti kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu," mzee akamwambia, "hiki kilio ni changu."

"Nimesikia," Duksu akasema.

Jioni ile kiwambo kilikunjwa. Pillye alisimama mlangoni, ameshika kiatu kimoja, anaogopa kuvua cha pili.

"Leo umekufa?" mzee akauliza, macho kwenye sindano.

"Sijafa, baba. Nimelia tu."

"Nimesikia. Ingia, wali unapoa."

Wakala watatu, maana Duksu alikuwa amewafuata nyuma mpaka nyumbani bila kualikwa, akaketi pembeni ameinamisha kichwa. Mzee alikula mpaka mwisho, akafuta midomo, akatoa hukumu. Mtu mmoja, kilio kimoja. Chake amekwisha kukipata, kimehifadhiwa kwenye mashine, kizuri, hakina kasoro isipokuwa kimekuja mapema. Kwa hiyo siku yake ikifika, Pillye asilie tena. Mtu akililiwa mara mbili anaonekana mroho. Ichezwe ile ya mashine. Na kwa kuwa mwenzetu huyu amebaki mikono mitupu kwa kosa lisilo lake, sauti iliyobaki kooni ni yake. Akifa, Pillye atamlilia aigo, kwa idhini ya baba mwenyewe.

"Umekubali?" akamuuliza binti yake. Pillye, aliyekuwa na furaha kiasi cha kukubali hata kuolewa tena, akakubali. Duksu alilia pale pale, na mzee akamwonya kwamba anayatumia vibaya machozi.

Baada ya hapo Pillye alicheza picha tatu zaidi, zote za kulia. Halafu ikaja amri ya watawala wa Kijapani kwamba picha zisemwe kwa Kijapani tu. Akaitwa, akaambiwa alie kwa Kijapani. Akauliza aigo ya Kijapani ni ipi na eoi yake ni ipi. Maofisa wawili walijadiliana chumba cha pili mpaka chakula cha mchana, wakarudi na kusema watamwandikia barua. Hawakuandika. Kazi yake iliishia hapo, akakaa nyumbani akajifunza kushona kofia ambazo hakuna aliyezivaa. Mzee aliendelea kumuuliza kila jioni, hata akitoka sokoni tu na mboga, "Leo umekufa?" Naye akijibu kwamba amejitahidi.

Duksu alifariki kwenye kiti cha kinyozi. Alifanya vizuri mno, na kinyozi alimpigia makofi kwanza. Pillye alivaa katani, akamlilia aigo siku tatu, na mzee alisimama kando kuangalia kama kamba imefungwa inavyotakiwa. Ilikuwa imefungwa inavyotakiwa. Watu wa Mapo walisema marehemu alibahatika kupata mtoto mwema namna ile.

Miaka mitatu baadaye, katikati ya vita, Pillye alirudi kutoka kwenye foleni ya mgao wa mchele, akavua viatu mlangoni. Mzee alikuwa ameketi mahali pake, sindano mkono mmoja, uzi mkono wa pili, haujaingia tunduni. Siku hiyo hakuuliza.

Pillye alikuwa ameahidi, kwa hiyo hakulia. Wakati huo studio ilikwisha kufungwa na nakala za picha hakuna aliyejua zimekwenda wapi. Akamtafuta Ku Bonsik. Fundi alichukua jembe, akafukua bustani yake, akatoa mtungi wa kimchi, ule ule, na ndani yake mlikuwa na mkanda mmoja, ule wa kilio, unanuka pilipili na figili. Akaleta na mashine kwenye mkokoteni. Wakaziba madirisha ya chumba kwa mablanketi mchana kweupe, wakatandaza shuka jeupe juu ya kiwambo, na nyuma ya kiwambo alikuwapo mzee, safari hii kwa kweli. Chumba kilijaa majirani na wazee wachache wa chama cha mafundi kofia.

Ku Bonsik alihangaika na mashine kwa muda, kisha akamwita Pillye kando. Taa ya kusomea sauti ilikuwa imeungua. Kwa vita hii, mji mzima hauna nyingine. Picha itaonekana, haitasikika.

Ikachezwa hivyo hivyo. Kwenye shuka akatokea msichana mwembamba mwenye macho makubwa, amepiga magoti, anafungua kinywa na kukifunga. Hakuna sauti ila krrr ya mashine. Watu walitazama. Mwishowe mzee mmoja wa mafundi kofia, Mzee Pyo, aliyewahi kugombana na marehemu juu ya kila kitu, akasogeza uso karibu na shuka.

"Hiyo ni eoi," akasema. "Tazameni midomo. Imeviringa."

Mama Oksam akasema ni aigo, yeye aliisikia kwa masikio yake mawili. Mwingine akasema masikio ni ya miaka minane iliyopita, midomo ni ya leo. Pakatokea wa aigo na wa eoi, na mabishano yakapanda. Kama ni eoi, basi aliyelala humo hakulala kama baba wa mtu, anaondoka kama jirani tu, na wapita njia walio nje ya ukuta, wasiosikia lolote, watajua kwamba katika nyumba ya Tak Manho hakuna aliyefiwa.

Pillye alikuwa ameketi chini kando ya shuka. Alikitazama kile kinywa chake cha zamani kinavyofunguka, akasubiri kifungwe, na kilipofunguka tena alikitilia sauti. Alitilia kwa makini, neno kwa mdomo, kama fundi, ili isiwe kwamba analia, iwe kwamba anatengeneza mashine iliyoharibika. Aigo, vidole vyako vyeusi. Aigo, sindano yako ukutani. Mzee Pyo akarudi nyuma. Mama Oksam akaziba uso kwa aproni. Maneno na midomo vilikwenda pamoja, nani atavisugua, nani atakutungia uzi, bila kupishana hata kidogo, na Ku Bonsik, nyuma ya mashine, alikuwa ameinua mkono wake mtupu kana kwamba umeshika bendera, asijue aushushe au auache.

Mkanda ukafika mwisho. Shuka likabaki jeupe. Pillye akaendelea.